Majani ni Majani

Mkono wa Mama Bwawa ulikuwa majini mpaka kwenye kiwiko, na vidole vyake vyote vilikuwa vinaonekana.

"Vibaya," alisema.

Redio, aliyekuwa amechuchumaa kando yake, alichungulia. "Vibaya vipi? Si maji masafi haya?"

"Maji masafi ya kunywa wewe. Samaki anataka maji yenye chakula."

Aliitwa Mama Bwawa kwa sababu ndiye aliyetunza mabwawa ya kikundi cha akina mama, nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani. Alikuwa na stashahada ya ufugaji wa samaki, watoto watatu, na ulimi usiotia sukari kitu. Ukimwuliza asubuhi ameamkaje, atakujibu kwamba kama asingeamka usingemwona. Redio naye alipewa jina hilo kwa sababu hazimiki.

Kipimo cha bwawa la vifaranga kilikuwa mkono. Ukiuzamisha polepole, kiganja kinatakiwa kipotee kabla kiwiko hakijalowa, kimezwe na ukijani. Ukijani huo ni mwani, vijimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja kwa jicho, na ndio uji wa vifaranga wa perege. Jua likiwaka, mwani huohuo ndio unaotengeneza hewa ambayo samaki wanaivuta ndani ya maji. Bwawa likikosa mwani ni kama nyumba iliyokosa jiko na dirisha kwa pamoja. Na bwawa hili halikuwa na ukijani hata wa kusingizia. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, na vifaranga walikuwa wamepanda juu, midomo wazi, wakigombea hewa. Wengine walikuwa wameshageuka matumbo.

Mama Bwawa alizunguka ukingo mzima. Samadi ilitiwa. Maji yanaingia. Kwenye kona, zizi la mboji lilikuwa limejaa hadi juu. Hilo zizi ni uzio wa fito ndani ya bwawa, unaojazwa nyasi na samadi ili vioze taratibu na kuulisha mwani. Msimu ule nyasi zilikuwa za kuhangaikia, lakini mafundi wa barabara walikuwa wamekata safu nzima ya mikaratusi pale njia panda wakayaacha matawi yamelala. Mama Bwawa aliyaona, akawapanga akina mama, wakayabeba vichwani mpaka bwawani. "Samaki wetu watapona mafua," Redio alisema siku ile, akinusa mzigo wake. "Beba," alijibiwa. "Majani ni majani. Yakioza yote ni mboji." Kwa hiyo alilitazama zizi lake lililoshiba, akaridhika nalo, akapita.

Kisha akainua macho kufuata mfereji unaoleta maji. Mfereji ulipanda taratibu kando ya uzio wa kiwanda, na mwisho wake kulikuwa na moshi. Pale ndipo wifi yake alipochemsha magome.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mtia rangi vitambaa. Alichemsha magome ya miti kwenye mapipa ya chuma, akalowesha vitambaa humo vikatoka rangi za udongo, za asali, za kahawa, na mikono yake ilikuwa ya kahawia mpaka juu ya vifundo, kama mtu aliyezaliwa na glavu. Kiwanja alichofanyia kazi kilikuwa cha kikundi. Maji aliyomaliza kuyatumia aliyamwaga kwenye mtaro mdogo, na mtaro huo ulichuruzikia kwenye mfereji wa mabwawa. Kila mtu aliujua mtaro huo, na hakuna aliyewahi kuusema.

"Redio."

"Naam."

"Rangi ya maji haya unaionaje?"

Redio aliangalia maji, akaangalia moshi, akaweka mkono mdomoni. "Yarabi! Wifi yako?"

Mama Bwawa alifuta mkono kwenye gauni. Ndani ya kifua chake kitu kilikaa vizuri, kama mfuniko uliopata sufuria yake. Baadaye, alipokuwa anayakumbuka yote, ni hapo alipokuwa anaona aibu ya kwanza. Alikuwa amefurahi.

Maana huyo wifi alikuwa mtani wa kupindukia. Kwenye kila shughuli ya familia alisubiri watu wajae, kisha aseme: "Mpakulieni Mtaalamu mapema, asije akatupimia mchuzi kwa kiwiko." Nyumba nzima inacheka. Au: "Kaka yangu, umemwoa mwenye cheti, vyombo anaosha nani?" Mama Bwawa alikuwa anacheka kwa meno tu. Utani haukatazwi kati ya wifi na wifi, na mtu akinuna ndiye mbaya. Alimeza miaka yote. Na kinachomezwa miaka yote hakipotei, kinangoja.

Kesho yake alikwenda kwa wifi yake, akamkuta anakoroga pipa kwa mti.

"Karibu Mtaalamu! Leo umetutembelea sisi tusio na magamba?"

"Nimepita tu."

"Hakuna kupita tu hapa. Kaa. Nakuchemshia chai."

Wifi alipoingia ndani, Mama Bwawa alitoa chupa kwenye mkoba, akaichovya kwenye pipa lililokuwa limekolea kuliko yote, akaifunga, akairudisha mkobani. Chai ilikuja na maandazi. Aliinywa yote, akashukuru, akaondoka.

Nyumbani alichukua chupa mbili za jamu, akazijaza maji ya kijani kutoka bwawa kubwa, ambalo bado lilikuwa na afya. Moja aliiacha ilivyo. Ya pili aliimiminia kikombe kizima cha rangi ya wifi, akaziweka zote dirishani penye jua. Baada ya siku chache, ya kwanza ilikuwa kijani kibichi. Ya pili ilikuwa imezimika, mwani umekufa ukazama chini kama masizi.

Mkutano ulifanyika kwenye chumba kilichokuwa ofisi ya kiwanda, penye mabenchi na ubao wenye hesabu za matofali ambazo hakuna aliyejali kuzifuta. Mwenyekiti, mfuga kuku mwenye sauti nzito, alikaa mbele. Wifi alikaa nyuma, akiwa ameletewa habari kwamba kuna jambo la mabwawa, hakujua ni lake.

Mama Bwawa alinyanyua chupa ya kwanza. "Hili ni bwawa letu." Akanyanyua ya pili. "Na hili ni bwawa letu baada ya kupitiwa na wifi yangu."

Sentensi hiyo alikuwa ameifanyia mazoezi bafuni. Ilipokelewa vizuri kama alivyotaka. Chumba kizima kilivuta pumzi.

Wifi alisimama. "Mimi?"

"Rangi yako inashuka kwenye mfereji."

"Rangi yangu ni magome na maji! Hakuna dawa ya dukani hata tone. Mimi mwenyewe naingiza mikono humo kila siku, ona!" Aliinyanyua. "Imekatika?"

"Kitu kuwa cha asili si tiketi ya peponi," alisema Mama Bwawa. "Uyoga wa sumu nao ni wa asili. Maji ya magome yana ukali unaoubana mwani usikue, na weusi wake unauzibia jua. Jani, gome, mizizi, vyote vikilowekwa vinatoa kitu hicho. Samaki wetu hawafi kwa sumu, wanakufa kwa njaa na kukosa hewa, kwa sababu wewe umewaulia shamba lao."

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Ndiyo maana alisema kwa ufasaha. Na alipoona wifi anamtafuta mtu wa kumwangalia na hampati, angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," aliongeza. "Mimi wangu niko naye ukoo mmoja."

Mtu mmoja aliguna kwa kusikitika. Wifi alichukua mtandio wake, akatoka bila kuaga.

Mtaro ukazibwa kwa udongo siku hiyohiyo. Mwenyekiti akatoa neno kwamba moto wa mapipa usiwashwe tena, na kwamba kiwanja kitafutiwe mtu mwingine.

Nyumbani kwa Mama Bwawa chakula kilianza kuliwa kimya. Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache hata siku njema. Sasa alikuwa anatafuna tu, anakunywa maji, anashukuru, anaondoka. Jioni moja alisema, akiangalia sahani:

"Dada ameuza pipa kubwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu amelikata vipande palepale."

"Angeweza kuhamia kwingine nalo."

"Angeweza." Akainuka.

Binti yao wa mwisho alibaki mezani. "Mama, shangazi aliwaua samaki makusudi au bahati mbaya?"

"Kula."

"Nataka kujua tu. Kama ni bahati mbaya si atasamehewa?"

"Nimesema kula."

Na bwawa? Bwawa halikujua kwamba limeshinda kesi. Mama Bwawa alipunguza maji nusu, akaingiza mapya kutoka mfereji ambao sasa ulikuwa unapita safi kama machozi. Yalichangamka kidogo, kisha yakarudia rangi ya chai. Akaongeza samadi. Akaongeza majani kwenye zizi, mzigo mpya kutoka palepale njia panda, akiusindilia kwa mguu. Maji yakazidi kukolea. Redio alianza kuuliza maswali, na swali la Redio ni swali la mtaa mzima.

"Mama Bwawa, mtaro si umezibwa?"

"Umezibwa."

"Sasa hii rangi inatoka wapi, inaruka ukuta?"

"Mabaki. Yanachukua muda."

Redio alipoondoka, alishuka majini mwenyewe, gauni limekunjwa kiunoni, akatembea huku akipima kwa mkono hatua kwa hatua. Karibu na tundu la mfereji maji yalikuwa mepesi. Katikati, chai. Alivyosogelea kona ya zizi yalizidi kuwa meusi, mpaka alipofika kwenye fito alikuwa haoni kidole, lakini si kwa ukijani. Aliingiza mkono kati ya fito, akavuta konzi ya majani. Nyasi za kawaida kwa wakati ule zingekuwa zimelainika kama ugoro. Haya yalikuwa magumu, yanateleza, mazima kama ngozi ya kiatu, na yakitoa maji meusi kila alipoyaminya. Akayanusa. Harufu ya dawa ya kifua ilimpanda puani. Bwawa kubwa lilikunywa mfereji huohuo, lakini halikutiwa majani haya, na bado lilikuwa kijani.

Jani, gome, mizizi, vyote vikilowekwa. Nani aliyasema hayo? Aliyasema yeye, mbele za watu, kidole juu.

Alisimama pale muda mrefu, maji kiunoni, mkono umejaa majani. Vifaranga waliosalia walikuwa wanafungua na kufumba midomo kuzunguka tumbo lake.

Akarudi nyumbani, akafanya kile alichopaswa kukifanya tangu mwanzo na ambacho chuoni angefelishwa kwa kutokukifanya. Alipanga chupa dirishani, zote na maji ya kijani. Moja hakuitia kitu. Ya pili aliitia rangi ya wifi iliyokuwa imebaki kwenye ile chupa yake, lakini safari hii si kikombe. Aliifanya nyepesi kwa kadiri mfereji ungeifanya, kijiko ndani ya ndoo nzima. Ya tatu aliitia maji aliyoyachota kwenye zizi lake mwenyewe. Kila asubuhi alizitazama kabla ya kunawa uso. Ya kwanza ilinawiri. Ya wifi nayo ilinawiri, huwezi kuitofautisha na ya kwanza. Ya zizi ilififia, ikawa kahawia, ikafa.

Alizigeuzageuza kwenye jua akitumaini jicho linamdanganya. Halikumdanganya.

Alimwendea Mwenyekiti kwenye banda la kuku. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa mayai.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi ibaki hapo. Yatoe hayo majani kimyakimya. Maji yatarudi, si ndiyo?"

"Yatarudi."

"Yakirudi, watu watasema dawa ilikuwa kuziba mtaro. Nani ataumia?"

"Wifi yangu."

"Wifi yako ameshaumia, dada. Ukisema leo tunaumia sote. Mimi niliyetoa amri nitaweka wapi uso wangu? Na yule fundi wa pikipiki nimeshamwahidi kiwanja, Ijumaa tunamkabidhi mbele ya kikundi." Akayaweka mayai kwenye trei moja moja, kwa upole. "Na wewe je? Kesho ukiwaambia pumba hizi za samaki ni nzuri, nani atakuamini?"

Mama Bwawa alitaka kujibu kama kawaida yake, kwa neno moja linalokata. Neno halikuja. Badala yake alisikia kwamba amepumua. Amepumua kama mtu aliyetuliwa mzigo, na hiyo ikawa aibu ya pili.

Akayatoa majani peke yake, wenzake walipokuwa wamekwenda makwao. Aliyazoa kwa beseni, akayapeleka nyuma ya tanuri la zamani, akayafunika kwa vipande vya matofali. Mara mbili aligeuka kuangalia kama kuna anayemwona. Mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, anafukia majani kama mtoto aliyevunja bakuli. Kisha akabadilisha maji, akaleta ndoo kadhaa za kijani kutoka bwawa kubwa ili ziwe mbegu, na kwenye zizi akatia nyasi, chache alizozipata, na samadi.

Ijumaa ilipofika, bwawa lilikuwa limeshika rangi. Redio alikuwa wa kwanza kuzamisha mkono. "Jamani! Kiganja hakionekani! Hakionekani, njooni muone!" Akina mama walikuja mbio, kila mmoja akachovya mkono wake, wakicheka kama wasichana mtoni. Vifaranga hawakuwa juu tena. Vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti akapiga makofi akimwangalia Mama Bwawa moja kwa moja.

"Mtaalamu huyo!" Redio alipaza sauti. "Aliona tangu siku ya kwanza! Wengine tungebaki tunaomba dua, kumbe adui yuko juu hapo anakoroga! Mwenye elimu ni mwenye elimu, hata ikimuuma wifi yake anasema kweli!"

Wakamshika mikono. Mmoja akamkumbatia. Mama Bwawa aliona uso unawaka mpaka masikioni. Miaka yote aliyotaka watu wamwite Mtaalamu bila kucheka, ndiyo hii imefika, na alitamani ardhi ipasuke. Pembeni fundi wa pikipiki alikuwa amesimama na kifuko chake cha spana, anangoja kukabidhiwa kiwanja.

"Acheni," alisema.

"Usione haya, mama, sifa ni zako!"

"Acheni, nimesema! Ni majani."

Kelele zilipungua. "Majani gani?"

"Mikaratusi. Niliyowabebesha. Ndiyo iliyoua bwawa. Rangi ya wifi yangu ikifika huku imeshakuwa nyepesi, haidhuru kitu, nimepima. Ile chupa niliyowaonyesha niliitia rangi kutoka ndani ya pipa, kali, kikombe kizima. Hata ningeitia chai ingekufa. Nilijua hivyo si kupima. Nilijua wakati nafanya." Alionyesha upande wa kiwanda. "Jumanne nimeyatoa majani peke yangu, nimeyafukia kule kwenye tanuri. Mkitaka kuyaona, twendeni."

Hakuna aliyekwenda. Kisha mama mmoja, mfupi, mpole siku zote, akasema polepole: "Na mimi shingo yangu iliuma siku tatu kwa kubeba majani hayo."

Mtu akacheka. Mwingine akacheka. Redio, ambaye alikuwa amebaki amesimama, mkono wake ukidondosha maji, alijikusanya. "Nyani haoni kundule! Tena nyani mwenye cheti!" Na hapo wakacheka wote, si kwa furaha, kile kicheko cha mtu anayejifuta kitu alichokishiriki. Maana na wao walikuwa kwenye mabenchi siku ile, na hakuna aliyenyanyua mkono kuuliza.

Mwenyekiti hakucheka. Alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini: "Umefurahi sasa?"

"Hapana."

"Basi kamwambie mwenyewe. Mimi siendi."

Fundi wa pikipiki alikohoa. "Kwa hiyo kiwanja...?"

Mama Bwawa alipanda kando ya mfereji. Njiani aligundua kwamba kule bwawani lilikuwa jambo jepesi. Watu wengi ni kama maji mengi, aibu inapungua ukali ndani yao. Kwa mtu mmoja itamiminwa yote.

Wifi alikuwa anafungasha. Pipa moja tu lilikuwa limebaki, la zamani, limelazwa ubavu. Kamba za kuanikia zilikuwa zimeshushwa. Vitambaa vya wateja, vyeupe, havijaguswa, vilikuwa vimepangwa kwenye beseni vya kurudishiwa wenyewe. Mikono yake ilikuwa imeanza kufifia, kahawia imebaki kwenye kucha tu, na kule kumwona na mikono ya kawaida kulimtisha Mama Bwawa zaidi ya kumwona analia.

"Wifi, si rangi yako. Ni majani niliyoyatia mimi. Nimewaambia wote."

Wifi aliendelea kukunja. "Nimesikia vicheko. Nikajua kuna mtu anakaangwa."

"Nilipima vibaya. Nilichota kwenye pipa."

Mikono ya wifi ilisimama. "Ulichota lini?"

Hilo ndilo swali alilokuwa ameliomba lisije. "Siku ile nilipokuja."

"Siku gani? Ulikuja siku moja tu."

"Ndiyo hiyo."

"Nilikuwa ndani nakuchemshia chai."

"Ndiyo."

"Nawe ukakaa ukainywa."

"Niliinywa."

Wifi alimtazama mpaka Mama Bwawa akaangalia chini. "Ya samaki ningeyaelewa," alisema wifi. "Mtu anakosea. Hata ya mkutanoni, nikasema nimemtania sana, leo kanilipa. Lakini mtu akukaribishe, umgeuzie kikombe..." Akaacha. Akachukua kitambaa kingine, akakikunja vibaya, akakikunjua.

"Kiwanja hawatakitoa," alisema Mama Bwawa. "Mtaro nitauzibua mwenyewe leo. Pipa nitakutafutia. Ila maji yaliyokolea kabisa yachimbiwe shimo, usiyamwage mfululizo, maana yakiwa makali kweli yana..."

"Hata leo unafundisha?"

Akafunga mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika ukoo ule, alifunga mdomo na hakikubaki kitu nyuma ya meno.

Lango liligongwa. Aliingia mwanamke mwenye mfuko begani, mshonaji wa mtaa wa pili. "Hodi! Dada, nimeona lango wazi. Umefungua tena? Walisema umeua samaki wa watu."

Wifi hakugeuka. "Muulize huyu."

Mshonaji akamgeukia Mama Bwawa. Mama Bwawa akamwangalia wifi, akitafuta dalili ya utani usoni mwake, hata kidogo. Haikuwapo.

"Hakuua," alisema. "Niliua mimi. Yeye nilimsingizia."

"He! Kwa nini?"

Akafikiri namna ya kulijibu hilo. "Kwa sababu nilitaka awe yeye."

Mshonaji alitazama huku, akatazama kule, akatoa kitambaa polepole kwenye mfuko kama mtu anayehofia kuingilia msiba. Wifi alikipokea, akakipima kwa vidole, akauliza anataka rangi gani, lini. Wakaelewana. Mshonaji alipotoka, wifi aliburuta kigoda, akakiweka karibu na lango, penye jua, mahali ambapo kila anayeingia atakiona kwanza.

"Kaa hapo," alisema. "Nina wateja wengi, na wote waliambiwa. Mimi sina nguvu ya kumweleza mmoja mmoja. Nina pipa la kuinua."

"Nikusaidie kuinua?"

"Nimesema kaa."

Akakaa. Nyuma yake alisikia pipa likisukumwa, likakwama, wifi akihema, likasimama. Alijizuia asigeuke. Akaja mwenye nguo za kwaya, akaambiwa amwulize aliye kwenye kigoda, akaelezwa. Akaja kijana anayeuza mito, akacheka sana, akaambiwa tena kwa sababu alidhani ni mzaha. Akaja bibi asiyesikia vizuri, na huyo ilibidi aelezwe kwa kupaza sauti, mara mbili, mpaka wapita njia wakasimama.

Ndipo akamwona mumewe anakuja barabarani kutoka kazini, amemshika binti yao mkono. Hawakuwa wanapita kwenda nyumbani. Walikuwa wanakuja langoni. Binti alimwona mama yake kwenye kigoda, akaachia mkono wa baba, akakimbia.

"Mama! Unafanya nini kwa shangazi?"

Mama Bwawa aligeuka. Wifi alikuwa ameinamia moto chini ya pipa, mgongo umeelekea kwao, na hakusema "muulize huyu". Alikuwa ameacha kupuliza, anasikiliza.

Mama Bwawa akamvuta mwanawe akamsimamisha mbele yake, macho kwa macho, akaanza upya.